Namfahamu aliyenikata panga, ila kituoni sikumtaja. Nimechelewa?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Jumatano iliyopita saa tatu usiku, nimeshuka tu daladala Tabata, vijana wawili wa bodaboda wakanipora pochi na simu. Nilipong'ang'ania pochi, mmoja akanikata mkono kwa panga. Nimeshonwa nyuzi saba zahanati. Yule wa panga namjua, ni wa mtaani kwetu, lakini kituoni niliogopa, nikasema sikuwaona vizuri. Nikapewa RB, basi. Sasa mama yake amekuja na laki tatu, anasema tuyamalize wenyewe. Na mpelelezi ananiambia gari halina mafuta. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Naanza na hilo la kutomtaja, maana mengine yanasubirika, hilo linapunguza nguvu ya ushahidi wako kila siku inayopita.

Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2002, na majaji wanalirudia hadi leo, kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo anaaminika zaidi, na anayechelewa bila sababu ya maana anatiliwa shaka. Mimi huwa nasimama upande wa utetezi pia. Ningekuwa wakili wa kijana huyo, swali langu la kwanza lingekuwa: "Shahidi, usiku ule uliwaambia polisi hukuwaona. Leo umemjuaje?"

Kwa hiyo rudi kituoni kesho asubuhi, uombe kuandika maelezo ya nyongeza. Usiyakane ya kwanza. Sema uliogopa na kwa nini: mnaishi mtaa mmoja, unapita kijiweni kwao kila siku. Hofu ni sababu, ila iandikwe sasa, isije ikasikika mara ya kwanza ukiwa kizimbani.

Halafu eleza ulimtambuaje. Tangu mwaka 1980 mahakama zetu zinapima utambuzi wa usiku kwa maswali yaleyale: mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, mlikuwa mbali kiasi gani, ulimwona kwa muda gani, ulikuwa unamjua kabla? Kesi nyingi zimekufa kwa sababu shahidi alisema "kulikuwa na mwanga" akaishia hapo. Wewe sema ni taa ya duka gani, hatua ngapi kutoka uliposimama, umemjua tangu lini. Yule wa pili usiyemjua, taja umbo, nguo, sauti. Akikamatwa, polisi wanaweza kuandaa gwaride la utambulisho, yaani anapangwa mstari mmoja na watu wengine nawe umtambue, kwa hiyo usikubali kuonyeshwa mtuhumiwa kabla, hata kwa picha ya simu. Askari akimaliza kuandika, akusomee. Kama neno si lako, lirekebishwe kabla hujatia sahihi.

Na RB isikutulize. Hiyo ni namba ya kitabu cha taarifa, inaonyesha kwamba ulifika. Uliza kama jalada la uchunguzi limefunguliwa, namba yake ya IR, yaani ya daftari la upelelezi, ni ipi, na mpelelezi ni nani.

Ukiwa hapo chukua PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako, ni bure. Kwamba ulitibiwa kwanza si kosa, ulikuwa unavuja damu. Ipeleke zahanati ileile, daktari aijaze kwa kuangalia faili lako, kisha irudi kituoni. Baki na nakala.

Laki tatu usizipokee. Sheria inaruhusu mahakama kuhimiza usuluhishi katika makosa madogo, kama kupigana kwa kawaida. Kupora kwa panga ni unyang'anyi wa kutumia silaha: hakuna dhamana, na adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Kupokea fedha ili kosa zito kama hilo lifichwe ni kosa lenyewe, utajikuta mshtakiwa. Mama wa watu namwonea huruma kweli, lakini mjibu kwa heshima kwamba shauri liko polisi. Akija na vitisho, karipoti vitisho hivyo peke yake. Fidia unaweza kuipata kwa njia halali: mtuhumiwa akitiwa hatiani, mahakama inaweza kuamuru akulipe. Mkumbushe mwendesha mashtaka aiombe.

Kuhusu mafuta ya gari: hulipii upelelezi. Muone mkuu wa kituo, ikishindikana nenda kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya. Ukiombwa fedha waziwazi, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanapokea simu bure kwa 113.

Wakili wa kulipa huhitaji, kwa sababu kesi ni ya Jamhuri, yaani serikali ndiyo inayoshtaki, na wewe ni shahidi. Ukitaka mtu wa kukushika mkono, mashirika ya msaada wa kisheria WLAC, TAWLA na LHRC yote yapo hapa Dar na hutoa ushauri bure. Usingizi ukikataa, au ukisikia bodaboda nyuma yako moyo ukaruka, nenda hospitali ya Amana umuulize afisa ustawi wa jamii. Watu wengi huona aibu kulisema hili, ila jeraha hilo halishonwi na nyuzi saba.

Simu: kama hujafunga laini na akaunti ya fedha, fanya leo, maana wezi hukopa kwa jina lako. Kwenye boksi la simu kuna IMEI, namba inayoitambulisha simu yako, mpe mpelelezi. Na ile nguo yenye damu usiifue. Kama umeshaifua, waambie hivyohivyo.