Kabla hujatweka tanga kwenda visiwani

Kaskazi ikishatulia, kati ya Desemba na Machi, vijana wapya huwa wengi pale Deep Sea, diko la wavuvi mjini Tanga, wakitafuta chombo cha kwenda Toten, Ulenge au Yambe. Nafurahi kuwaona, kwani pwani hii ya Tanga huijui mpaka uitazame ukiwa majini. Swali lao la kwanza huwa upepo. Mimi nakuomba uanze na maji.

Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa kwetu hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kwenye saa nne. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki, maji yakiwa mafu, yaani yanajaa na kupwa kidogo tu, saa nne ndiyo wakati wa kujaa. Lishike hili kwanza.

Siku ya bamvua, toka alfajiri. Maji yanatoka na umande, upepo mwepesi wa kutoka bara, unakusogeza taratibu mpaka nje ya ghuba. Mchana kaskazi inakaza, maji yanajaa, na vyote viwili vinakurudisha nyumbani. Ila kuna jambo moja: alasiri unarudi magharibi na jua liko usoni, miamba huioni. Bahari inasomeka jua likiwa juu au nyuma yako: bluu nzito ni kilindi, kijani kilichofifia ni mchanga, kahawia ni mwamba au majani. Ukichelewa, achana na njia za mkato, fuata njia ya meli yenye maboya.

Tongoni huwaponza wengi. Ukifika kwenye saa tatu siku ya bamvua, magofu ya msikiti na makaburi unayaona, lakini katikati ni tope na mikoko. Chombo kikipwelewa hapo hakuna haja ya kusukumana. Kiegemezeni kisilale vibaya, mpike chai, maji yatarudi mchana.

Mkishatweka, kazi kubwa imo kwenye demani, kamba ya kuvutia na kulegeza tanga. Anayeanza hupenda kuifunga ili apumzishe mkono, na vyombo vidogo vingi hupinduka hivyo. Usipige fundo. Izungushe mara moja tu, ncha ibaki kiganjani, upepo ukivuma ghafla uilegeze papo hapo. Na utauona unakuja: tazama upande wa joshi, unakotoka upepo, maji yanageuka meusi, yamejaa vikunyanzi, na weusi ule unakukimbilia. Kwa hiyo macho yasigande kwenye tanga.

Nanga iteremshe mchangani, kamwe si juu ya matumbawe; unayavunja, na nanga yenyewe hunasa. Kamba ihesabie maji yatakapojaa. Bamvua hupandisha maji zaidi ya mita 3 huku kwetu. Ukitia nanga penye mita 3 wakati wa kupwa, jioni uko penye mita 6 na zaidi, na kamba mara tano ya kina hicho ni mita 30 na ushee. Wengi hutoa 10, wakaenda kuogelea.

Jaketi okozi kwa kila mtu, utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe asubuhi, na mtu wa nchi kavu ajue mnakwenda wapi. Hayo hayana mjadala.

Ukizoea ghuba utatamani Pangani. Kwenda na kaskazi ni mteremko. Kurudi ni kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kukata huku na huku, na chakula na maji ya kunywa vipangwe kwa siku ya kubisha. Kigombe ni pazuri pa kukata safari. Mlangoni mwa mto Pangani kuna fungu la mchanga, na maji yanayotoka yakikutana na upepo wa baharini mawimbi husimama. Subiri nje, ingia na maji ya kujaa.

Maziwe, mbele ya Pangani, ni hifadhi ya bahari, hivyo kiingilio kinalipwa. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Sasa ni fungu la mchanga. Siku ya bamvua, saa nne utalikuta kavu, na jioni lote limezama. Mizigo ibaki chomboni, na baharia mmoja asibanduke kwenye nanga wakati wengine wameshuka.