Maswali ya Wasomaji: Nitajuaje kwamba wakati wa kuiacha gemu umefika?

SWALI: Bi Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 32, nina mke na mtoto mmoja. Tangu mwaka 2015, nilipokuwa chuoni, nimekuwa nikicheza gemu ya simu iitwayo Clash of Clans, ambayo mchezaji hujenga kijiji chake na kushambulia vijiji vya wengine. Klani yetu, yaani kundi la wachezaji wanaopigana pamoja, tuliianzisha watu saba tuliokuwa bweni moja, na sasa tuko 38. Wengine wako Mwanza, wengine Nairobi, na mmoja anafanya kazi Muscat. Kiongozi wa klani ni mimi. Zamani tukishinda vita nilikuwa nakosa usingizi kwa furaha. Siku hizi natega kengele ya saa tisa usiku ili nifanye shambulizi langu la pili kabla muda haujaisha, kisha nazima simu, na asubuhi sikumbuki hata nilishambulia kijiji cha namna gani. Sichezi kwa saa nyingi, sijakopa fedha, na mke wangu halalamiki. Mwezi uliopita simu yangu ilivunjika kioo ikakaa kwa fundi siku nne. Fundi aliponipigia kwamba ipo tayari, nilimwambia asiwe na haraka, nitaifuata Jumatatu. Tangu hapo najiuliza kama nimeshamaliza. Lakini nikifikiria kuacha naona kama nabomoa nyumba niliyoijenga kwa miaka yote hii, na kuwakimbia watu wanaonitegemea. Mtu atajuaje kwamba wakati wa kuacha moja kwa moja umefika, na kwamba si uchovu wa kupita tu?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Wengi wanaoniandikia kuhusu gemu huwa ni wazazi wa mtoto aliyeacha kusoma. Wewe unauliza jambo ambalo watu wazima hulificha, nami nitalijibu kwa urefu kwa sababu naamini unastahili jibu kamili.

Tuanze na hali ya mchezo wenyewe. Bao huisha pale mmoja anapokosa kete za kuchezea, na watu wakaondoka barazani kwenda kula. Gemu yako, ambayo kampuni ya Supercell ya Helsinki nchini Ufini iliitoa mwaka 2012, haikujengwa hivyo. Wachezaji wengi wanapokaribia ngazi ya mwisho ya Ukumbi wa Mji, lile jengo kuu la kijiji, ngazi nyingine huongezwa juu yake: ya 16 iliongezwa Desemba 2023, na ya 17 Novemba 2024. Katika ngazi hizo za juu kuliboresha jengo moja tu kunaweza kuchukua zaidi ya wiki, kwa hiyo hakuna siku utakayofungua simu ukakuta kila kitu kimekamilika, na mtu mwenye ujenzi unaoendelea huona vigumu kuondoka eneo la kazi. Ninachotaka uelewe ni kwamba ukisubiri mchezo ukuambie umemaliza, hutaambiwa kamwe. Neno hilo itabidi ulitamke wewe.

Sasa turudi kwa fundi wa simu, kwa maana naona jibu lako liko pale. Mtu aliyechoka na kitu anachokipenda hukikumbuka kinapokosekana. Siku ya kwanza hupumua, siku ya tatu huanza kuuliza habari zake. Wewe ulipewa siku nne bila kuziomba, na zilipokwisha ukaomba nyingine. Hiyo ni nafuu, na mtu hapati nafuu kwa kutengwa na starehe yake. Hupata nafuu kwa kutuliwa mzigo. Kengele ya saa tisa usiku inanieleza hivyo hivyo. Kuamka usiku ili ufanye jambo ambalo hutalikumbuka asubuhi kunaitwa kukaa zamu, na zamu hukaliwa na mlinzi au mhudumu wa wagonjwa, si na mtu anayecheza. Ndiyo maana sikuulizi unacheza saa ngapi kwa siku. Nimewaona watu wanaocheza kwa saa tatu Jumamosi wakicheka na wadogo zao, nami sikuona sababu ya kuwashauri waache. Wewe unatumia muda mfupi tu, lakini unautumia kama mtu anayelipa deni.

Hata hivyo, uamuzi wa kudumu usiufanye kwa ushahidi wa siku nne pekee. Ligi ya vita vya klani huchezwa mwanzoni mwa kila mwezi, klani nane kwa siku saba. Waambie wenzako kwamba ligi ijayo hutashiriki, mwachie mmoja wa viongozi wasaidizi kazi ya kupanga wapiganaji, na usifungue gemu hadi mwezi uishe. Katika mwezi huo jichunguze unakumbuka nini. Ukikikumbuka kijiji chenyewe, ukijikuta unawaza jinsi ya kuvunja ukuta fulani na kufurahia wazo hilo, basi ulikuwa umechoka tu, na unaweza kurudi ukiwa mchezaji wa kawaida asiye na uongozi. Ukiwakumbuka watu bila kukikumbuka kijiji, umeshamaliza. Kwa maelezo yako nadhani ndivyo itakavyokuwa.

Nalisema hili kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe. Mwaka 2010 nilikuwa nikicheza FarmVille, ile gemu ya shamba iliyokuwa kwenye Facebook, ambayo mazao yake yalinyauka yasipovunwa kwa wakati. Nilikuwa nikiamka kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kuvuna. Siku moja mama yangu alinipigia simu kutoka kijijini, akanieleza kwa kirefu jinsi wadudu walivyoharibu nyanya zake, nami wakati wote ule nilikuwa naangalia saa nisichelewe mavuno yangu. Tulipokata simu nilitambua kwamba sikuwa nimemuuliza hata swali moja. Niliacha wiki ile. Gemu ile ilikuja kufungwa tarehe 31 Desemba 2020, na mashamba yote, ya walioacha na ya waliobaki, yakatoweka siku moja. Niliposikia habari hiyo nilihuzunika, na waliokuja akilini walikuwa majirani zangu wa shambani, ambao niliwaacha bila kuwaaga na ambao mpaka leo sijui waliko.

Kuhusu nyumba unayoona unaibomoa: mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, waliwauliza wanafunzi swali la kubuni. Umelipia dola 100 kwa safari moja ya mapumziko na dola 50 kwa nyingine, unajua hakika kwamba ile ya dola 50 utaifurahia zaidi, kisha ukagundua zote mbili ni siku moja na fedha hairudishwi. Utakwenda ipi? Zaidi ya nusu walichagua ile ya dola 100. Fedha ilikuwa imekwenda kwa vyovyote vile, lakini waliona wakiiacha safari ya ghali wataipoteza mara ya pili. Hivyo ndivyo unavyofanya na miaka yako. Miaka ile ilikwisha kukulipa kwa furaha iliyokukosesha usingizi, na hakuna shambulizi la usiku wa leo linaloweza kuiongezea wala kuipunguzia thamani. Maji yaliyomwagika hayazoleki, Mwalimu, lakini yako yaliyomwagika yalikuwa yameshakunywesha.

Tena, hakuna kitakachobomoka. Kijiji chako hakimo ndani ya simu, kimo kwenye seva za kampuni. Ukiondoka, wengine watakishambulia na kuchukua sehemu ya akiba, na majengo yatajijenga upya yenyewe kama yanavyofanya sasa unapolala. Hulazimiki kufuta akaunti, na usishawishike kuiuza. Masharti ya kampuni yanakataza, na anayenunua vitu hivyo huishia kulia.

Jambo zito ni wale 37. Kiswahili chetu kina neno kung'atuka, lililotoka kwa Wazanaki na kuenea nchi nzima Mwalimu Nyerere alipoondoka madarakani mwaka 1985 kwa hiari yake. Neno hilo lina heshima ndani yake: anayeng'atuka hatoroki, bali huwapisha wengine akiwa bado ana nguvu za kuwaelekeza. Fanya hivyo. Ligi moja ikiisha, gawa medali za ziada za ligi kwa waliostahili, kwa kuwa hiyo ni kazi ya kiongozi na watu wanaisubiri. Kisha waandikie wote ujumbe mmoja wa wazi, ukitaja tarehe utakayoondoka, na umpandishe cheo kiongozi msaidizi ambaye umekwisha kuzungumza naye pembeni akakubali. Usiseme kwamba pengine utarudi kama hukusudii kurudi. Utawafanya wakushikie nafasi, na wewe utabaki na mguu mmoja ndani.

Kabla ya tarehe hiyo kusanya namba za simu za wale sita wenzako wa bwenini, na hasa za huyu wa Muscat. Maongezi yenu yote yamo ndani ya gemu, na hapo ndipo wengi huteleza: huacha gemu wakapoteza na watu, kisha upweke ukawarudisha kwenye gemu. Mpigie mtu wa Muscat usiku wa Ijumaa mmoja, mzungumze mambo yasiyohusu vita. Ikiwa hamna la kuzungumza, utakuwa umejifunza jambo kuhusu urafiki huo ambalo ni bora ulijue.

SWALI: Assalamu alaykum, Bi Mshauri. Mimi ni muuguzi, naishi Tanga. Nimeiondoa Candy Crush Saga kwenye simu yangu mara tatu, na mara zote tatu nimeirudisha kabla ya wiki mbili kwisha. Huicheza asubuhi nikitoka zamu ya usiku, nikiwa hoi lakini usingizi hauji. Maisha ya gemu, yaani nafasi za kucheza, yakiisha hununua mengine badala ya kusubiri. Je, mimi ni mgonjwa? Na je, nifute akaunti kabisa?

JIBU: Wa alaykumu salaam, binti yangu. Shirika la Afya Duniani liliutambua ugonjwa wa michezo ya kidijitali katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili zake ni tatu: kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine ya maisha, na kuendelea ingawa madhara yanaonekana, kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi na iwe imeharibu kazi, familia au afya. Dalili ya kwanza unayo. Zilizobaki akuulize mtaalamu wa afya ya akili ana kwa ana, na wewe unajua mlango wa kupitia kuliko wasomaji wangu wengi.

Akaunti ifute. Nimemwambia Mwalimu aiache yake kwa kuwa hajajaribu akashindwa. Wewe umejaribu mara tatu, na kila uliporudi ulikuta hatua zako zote zikikusubiri, kwa hiyo kurudi hakukukugharimu kitu. Gemu yako hutoa maisha matano, na kila moja hurudi baada ya dakika 30. Hicho ndicho kizuizi pekee kilichomo, nawe umekuwa ukilipa ili kiondolewe. Kabla ya kufuta, ondoa njia ya malipo uliyoiunganisha kwenye duka la programu la simu yako.

Usijione dhaifu. Dong Nguyen wa Vietnam, aliyeunda Flappy Bird, aliiondoa gemu yake sokoni Februari 2014 ikiwa imepamba moto, akieleza kwamba watu walikuwa wameitumia hadi kuwa uraibu. Hata muundaji aliona haja ya kuizima.

Lakini kufuta hakutakuletea usingizi, na usingizi ndio shida yako ya kwanza. Zungumza na daktari kuhusu zamu za usiku, tundika pazia zito chumbani, na simu uichaji sebuleni. Akaunti yenyewe usiifute asubuhi ukitoka kazini umejikasirikia. Ifute siku ya mapumziko, baada ya kulala na kula vizuri.