Kitufe cha Start kimehamia katikati

Pole dada. Wateja wa fotokopi wamejipanga hapo dukani kwako Kirumba, Windows 11 imekupelekea kitufe cha Start katikati na maandishi ni kama chawa, lazima uchanganyikiwe. Bofya kulia kwenye upau wa chini, ingia Taskbar settings, fungua Taskbar behaviors, kisha kwenye Taskbar alignment chagua Left. Ukubwa wa maandishi unaupata kwenye Settings, Accessibility, Text size: vuta kitelezi hadi asilimia 120 hivi, bonyeza Apply. Ukizidisha sana, maneno ya baadhi ya programu yatakatika. Kubadilisha rangi na picha ya skrini subiri jioni, wateja wakishaondoka.

Ila vile viprogramu vya bure vya kurudisha sura ya zamani usiguse, mashine ina kazi za watu. Herufi zikibaki na ukungu, mwite fundi aangalie draiva (programu inayoiendesha) ya kadi ya picha.