Kanisa lilitengenezwa au liligeuzwa?

Swali: Nafundisha historia sekondari. Kila nikitaja Matengenezo ya Kanisa, lile vuguvugu la karne ya 16 lililozaa Uprotestanti, darasa linaangua kicheko. Juzi mmoja kaniuliza kama paa lilikuwa linavuja. Si afadhali tuseme Mageuzi ya Kanisa? – Mwalimu, Njombe

Jibu: Mwalimu, huyo mtoto hana kosa. Matengenezo anayoyajua ni yale yanayobandikwa kwenye lifti iliyokufa. Hata hivyo, usilitupe neno haraka.

Kutengenea ni kukaa sawa. Kutengeneza, basi, ni kukifanya kitu kikae sawa, ndiyo maana mtu hutengeneza nywele ambazo wala hazijaharibika. Na Martin Luther, mtawa wa Kijerumani aliyeyaanzisha Matengenezo, alijiona hivyo hasa. Hoja zake 95 za mwaka 1517 zilipinga biashara ya vyeti vya rehema, yaani vya kusamehewa adhabu ya dhambi. Kanisa jipya hakuwa nalo kichwani.

Tazama madhabahu ya kanisa la Mtakatifu Maria, Wittenberg, mji wa Luther huko Ujerumani, iliyowekwa mwaka 1547, kazi ya karakana ya wachoraji akina Cranach, baba na mwana. Picha ya chini kabisa inamwonyesha Luther mimbarani: mkono mmoja uko juu ya Biblia, wa pili unamwelekeza Kristo msalabani, na ng'ambo waumini wanatazama. Juu kushoto Melanchthon, mwenzake Luther, anabatiza mtoto, naye alikuwa profesa wa Kigiriki, si mchungaji! Picha zimebaki kanisani, ila zimepewa kazi ya kuhubiri. Hayo ni matengenezo.

Sasa nenda Zürich, Uswisi, mwaka 1524. Wafuasi wa Zwingli, mhubiri aliyeongoza Matengenezo huko, walitoa picha na sanamu makanisani, kuta zikapakwa chokaa. Hapo nakupa mageuzi yako, maana kinachogeuka chaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo ukizungumzia tukio lenyewe, au sikukuu ya Walutheri ya 31 Oktoba, sema Matengenezo. Ndivyo waumini wenyewe wasemavyo. Ukizungumzia karne ya 16 kwa upana, pamoja na shule, sanaa na watawala walioamua raia wasali vipi, "mageuzi ya kidini" yanafaa, ingawa kwa masikio ya Kitanzania neno hilo linanukia vyama vingi. "Marekebisho" waachie wabunge na miswada yao.

Ubaoni andika Matengenezo kwa M kubwa. Ya bati yaandike kwa ndogo.