Nani anaulizia mji wa nani?

SWALI: Nataka kupima mtiririko wa taarifa kati ya miji ya China kwa Baidu Index (huduma ya Baidu, injini ya utafutaji ya China, inayoonyesha neno linatafutwa kiasi gani). Nianzie wapi?

JIBU: Andika jina la mji A kama neno la kutafutwa, kisha kwenye kichujio cha eneo chagua mji B. Unachopata ni kiasi ambacho watu wa B wanaulizia A. Geuza, rudia. Miji 26 itakupa jozi 650 zenye mwelekeo. Takwimu za kompyuta na simu kwa pamoja zinaanzia 2011, basi usilinganishe na za nyuma yake, ambazo ni za kompyuta tu. Chukua wastani wa mwaka mzima. Likizo ya Oktoba hupandisha miji ya kitalii.

Wengi huzidisha namba za pande mbili, A→B kwa B→A, ili jozi iwe na namba moja. Sawa, lakini upande mmoja ukiwa sifuri jozi yote inafutika, kwa hiyo hifadhi pande zote mbili kwanza.

Majina ndiyo yanayoponza. Tumia herufi za Kichina: kwa alfabeti yetu 苏州 na 宿州 yote ni Suzhou. Hata hivyo 吉林 (Jilin) ni mji na pia mkoa, na 朝阳 (Chaoyang) ni mji katika mkoa wa Liaoning na pia wilaya ya Beijing. Hapo ongeza 市 (maana yake "mji"), ingawa namba zitashuka sana.