QTH yangu au QTH pangu?

SWALI: Nimejiunga na wenzangu wanaotumia redio za ridhaa. Mmoja husema "QTH yangu ni Tanga", mwingine humkosoa kwamba QTH ni mahali, kwa hiyo aseme "QTH pangu". Nani yuko sahihi? Na je, tuagane kwa "salamu za 73"? – Msomaji, Tanga

JIBU: Sema "QTH yangu". Huyo mkosoaji namwelewa, maana mahali kweli ni pangu, si yangu. Lakini QTH haikuzaliwa kuwa jina la mahali. Misimbo ya Q, yaani vifupisho vya herufi tatu vinavyoanza na Q, ilibuniwa Uingereza mnamo 1909 kwa ajili ya meli na vituo vya pwani, na kila msimbo ni sentensi nzima yenye sura mbili. Ukipiga QTH kwa Morse, yaani kwa ishara za nukta na mistari, ukaitia alama ya kuuliza, umeuliza "Uko wapi?", ukiipiga bila alama hiyo, unajibu "Niko…" kisha unataja mji. QRL nayo ni "Una shughuli?" au "Nina shughuli". Hamna nomino humo ya kudai upatanisho wa PA.

Watumiaji wa redio ndio walioifanya nomino, na nomino ngeni ya namna hii kwa kawaida tunaiweka katika ngeli ya I-ZI: TV yangu, DNA yake, QTH yako. Kifupisho kilichotokana na maneno ya Kiswahili kina tabia nyingine, kwani neno kuu bado linasikika ndani yake. Ndiyo maana twaandika "UM umetoa tamko", kwa sababu ya Umoja, na "CCM kimeteua mgombea", kwa sababu ya Chama. TANESCO je? Ni shirika, na shirika hukata umeme kwa "limekata". Ila kifupisho chenyewe ni cha Kiingereza, na mitaani utasikia "TANESCO imekata".

Kwa hiyo "QRM imezidi leo" ni Kiswahili safi. Tena msiibadilishe kuwa "kelele" tu, kwani mtapoteza tofauti nzuri: QRM ni usumbufu wa vituo vingine, QRN ni mikwaruzo ya radi na hali ya hewa. Kitenzi kama "nime-QSY" hewani kinavumilika, kwa sababu ya haraka. Katika maandishi sikipendi. Andika "nimehamia masafa mengine".

Sasa 73. Ilitoka kwa wapiga simu za maandishi wa Marekani katika karne ya 19, na maana yake ni salamu njema. "Salamu za 73" basi ni salamu juu ya salamu. Sema "pokea 73 zangu", kwa upatanisho wa salamu, na uisome sabini na tatu. Kwa Morse inapendeza mno: mistari miwili na nukta tatu, kisha nukta tatu na mistari miwili. Usiichanganye tu na 88, ambayo hutumwa kwa mpenzi pamoja na mabusu.