Kabla ya kuchagua filamu, panga watu wa mlangoni

Kila mara naandikiwa na vijana wanaotaka kuanzisha tamasha la filamu za LGBT mahali wanapoishi, na swali lao la kwanza huwa lilelile: filamu tutazipata wapi? Nawaelewa, maana nami nilianzia hapo. Ila baada ya miaka saba ya kubeba viti, kubembeleza wenye kumbi na kulala saa nane usiku, siku hizi nawajibu kwa swali jingine. Nani atakaa mlangoni, na mmemwambia nini?

Nina sababu. Mwaka wetu wa kwanza kijana mmoja alijitolea kupiga picha. Alikuwa na jicho zuri, na usiku uleule tukazirusha picha zake kwenye ukurasa wa tamasha, furaha imetujaa. Mojawapo ilionyesha safu ya tatu: watu sita, midomo wazi, wanacheka. Asubuhi nikapigiwa simu na mama wa makamo. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini sana, kama mtu aliyejifungia bafuni asisikike na walio sebuleni. Aliuliza jambo moja tu: "Dada, ile picha wameshaiona wangapi?"

Niliifuta tukiwa bado tunaongea. Lakini kwao walikuwa hawajui, na picha ilikuwa imekaa pale kwa muda wa saa kumi. Sikumwona tena katika maonyesho yetu, na mpaka leo nikiingia ukumbini jicho langu huenda kwanza safu ya tatu.

Mwaka uliofuata tukagawa vibandiko vyekundu kwa wasiotaka kupigwa picha. Kumbe tulikosea tena! Anayejificha ndiye tuliyembandika alama kifuani. Basi tukageuza utaratibu: hapigwi picha mtu yeyote, isipokuwa aliyeomba mwenyewe kibandiko cha kijani. Mpiga picha anaelekeza kamera jukwaani, na kabla ya taa kuzimwa mmoja wetu anasimama kulitangaza hilo pamoja na suala la simu. Orodha ya walionunua tiketi inashikwa na watu wawili tu, na inafutwa wiki hiyohiyo. Na kama unapoishi sheria ni kali, usitangaze ukumbi hadharani. Mwalike mtu unayemjua, naye aje na anayemwamini.

Mlangoni kwenyewe, lugha yetu imetusaidia kuliko nilivyodhani. Kiswahili kina "yeye" moja kwa watu wote. Kinachoumiza ni "kaka", "dada", "bwana" na "bibi" zinazotoka mdomoni kabla hujafikiri. Nimemwona mtu aliyejipamba kwa saa nzima akinywea mabega kwa neno moja la mpokea tiketi. Sasa walinda mlango wetu husema "karibu sana" na kuishia hapo. Mtu akitaka kuitwa kwa namna fulani, atakuambia.

Zamu isizidi muda wa saa nne, na kila kituo kiwe na watu wawili, mmoja wao awe ameshafanya kazi hiyo. Wape chakula na nauli. Anayejitolea ametoa muda wake. Usimtoze na pesa. Kila mmoja ashike karatasi ya ukurasa mmoja yenye mambo ya lazima: mlango wa dharura uko wapi, ukumbi unachukua watu wangapi, na mtu akija kufanya fujo nani anaitwa. Asibishane naye. Kazi yake ni kuita.

Sasa filamu. Msianze na wiki nzima. Frameline ya San Francisco, tamasha kongwe kuliko yote ya aina hii, ilianza mwaka 1977 kwa filamu fupi za Super 8, ule mkanda mwembamba wa kamera za nyumbani, zilizopigwa na watu wa hapohapo. Jioni moja ya filamu fupi za wasanii wenu itawafundisha mengi kuliko kukimbilia filamu kumi za nje. Na hizo za nje, kumbukeni kwamba kununua diski au kulipia huduma ya mtandaoni hakukupi haki ya kuionyesha mbele ya umma. Mwandikie mtayarishaji au msambazaji, umweleze tarehe, idadi ya viti, na kama mnatoza kiingilio. Wengi hupunguza ada kwa tamasha dogo lililosema ukweli. Mahali pengine pia filamu lazima ipitishwe kwanza na bodi ya serikali ya kukagua filamu, kwa hiyo anzeni mapema.

Wasanii walipwe. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimekaa kwenye vikao ambavyo mwenye ukumbi alilipwa, mwenye spika akalipwa, halafu mchoraji wa bango na muongozaji wa filamu wakaambiwa watafaidika kwa kujulikana. Kama bajeti haitoshi, punguzeni filamu mbili.

Na jaribuni kila faili ukumbini, siyo kwenye kompyuta ya nyumbani. Filamu za sinema huja katika muundo wa DCP, yaani faili maalumu za mitambo ya kumbi za sinema, na nyingi zimefungwa kwa ufunguo wa kidijitali uliotengenezwa kwa ajili ya seva ya ukumbi mmoja, na kwa saa maalumu. Siku moja tulihamishiwa ukumbi wa pili, mlango wa pembeni tu, tukaona si neno. Ufunguo ukakataa. Watu themanini walikaa gizani dakika hamsini tukimtafuta msambazaji, na kwao ilikuwa usiku wa manane. Aliyetuokoa ni mwigizaji mmoja wetu aliyepanda jukwaani akaanza kusimulia walivyoipiga filamu yake fupi kwa simu, jikoni kwa rafiki. Hakuna aliyeondoka. Tangu hapo kila onyesho letu lina nakala ya kawaida ya akiba, kwa ruhusa ya mwenye filamu, na maandishi ya chini ya skrini kwa ajili ya viziwi tunayakagua mpaka dakika ya mwisho ya filamu.

Tamasha likiisha, msikimbilie kuhesabu tiketi. Kila mwaka siku ya pili yake nampigia simu kila aliyeshika zamu, mmoja mmoja, namuuliza ameona nini ambacho sisi wa kamati hatukukiona. Safari iliyopita msichana wa zamu ya mwisho aliniambia kwamba watu wengi walitoka kwa ngazi za nyuma ili wasionekane mbele, na kwamba ngazi zile zilikuwa giza. Tumeshanunua taa mbili, na mwaka huu patakuwa na mtu wa zamu pale chini.